Transfoma za chakavu: ya maikrowevu, flaibeki, koili ya pikipiki au ya neoni, uchukue ipi?

Ukizunguka kwenye maduka ya vitu vilivyotumika, kuanzia Darajani hadi Mwanakwerekwe hapa Unguja, hukosi kukuta maikrowevu zilizokufa zimerundikwa pembeni. Nyengine zimekuja na makontena kutoka Ulaya na Dubai, nyengine zimetoka kwenye hoteli za pwani baada ya kuliwa na chumvi. Muuzaji anazipima kwa kilo kwa ajili ya chuma na shaba iliyomo. Lakini wapo wanunuzi wasiotaka kuyeyusha kitu: wanafunzi wa ufundi wa Taasisi ya Karume pale Mbweni, walimu wa fizikia, mafundi redio, na siku hizi hata maseremala. Hao wanaitaka transfoma yenyewe, iendelee na kazi, ila kazi nyengine.

Swali lao ni moja, wachukue ipi, na wengi hulijibu kwa kuangalia volti. Flaibeki, yaani transfoma ndogo inayolisha kioo cha televisheni ya kioo kinene, inatoa volti 25,000. Koili ya pikipiki inafika 20,000 na kuendelea. Ya maikrowevu ni 2,000 tu. Kwa hesabu hiyo mtu anaamua aanze na ya maikrowevu kwa kuwa ni "ndogo". Hesabu imepinduka hiyo. Ukiacha ile iliyo juu ya nguzo za umeme, ya maikrowevu ndiyo inayoua kirahisi kuliko zote hapa. Na hiyo hiyo ndiyo yenye faida kubwa kwa fundi, ikitumiwa kwa namna moja tu ambayo nitaieleza.

Angalia ampia kwanza

Umeme unaua kwa mkondo unaopita kifuani na kwa muda unaopita. Miliampia 10 za umeme wa hezi 50 zinatosha kuikaza misuli ya mkono hata usiweze kukiachia ulichokishika. Miliampia 30 zikiendelea kupita zinaweza kuuvuruga moyo, ukawa unatetemeka tu bila kusukuma damu, na ndiyo maana breka za majumbani za kukata umeme unaovuja huwekewa kiwango hicho hicho cha 30. Sasa pima: transfoma ya maikrowevu imetengenezwa itoe karibu nusu ampia mfululizo, yaani miliampia 500. Flaibeki ikiwa ndani ya televisheni yake hutoa miliampia moja au mbili. Koili ya pikipiki hutoa mapigo mafupi, kila pigo likiwa na sehemu ndogo sana ya juli moja.

Wapo wanaosema mkono mkavu haupitishi umeme. Hayo ni maneno ya umeme mdogo. Volti 2,000 zinaitoboa ngozi papo hapo, na ukishavuka ngozi, mwili uliobaki ni kama ohmu mia tano hadi elfu moja. Hapo anayepanga mkondo ni transfoma, wewe huna tena la kusema.

Kuna mambo mawili ambayo hata mafundi wazoefu hayawajii akilini haraka. La kwanza ni kwamba breka ya umeme unaovuja haitakuokoa. Kazi yake ni kulinganisha umeme unaoingia na unaorudi upande wa ukutani. Ukiwa umeshikana na sekondari, yaani koili ya kutolea umeme, mkondo unazunguka kati yako na chuma cha transfoma, na upande wa ukutani hesabu iko sawa sawa. Breka inaona kuna kifaa kimewashwa, basi. La pili ni ukimya. Hewa inahitaji kama volti 3,000 kwa kila milimita ndipo ipasuke cheche, kwa hiyo volti 2,000 hazirukii kitu. Flaibeki inakuonya mapema: inachachatika, malaika ya mkono yanasimama, harufu ya ozoni inajaa chumbani. Ya maikrowevu inanguruma kidogo kama stebilaiza ya friji, na hakuna chengine mpaka uiguse.

Kwa anayetaka kuona zote kwa jicho moja:

| Kitu | Inachotoa | Kinachotisha | Inafaa kwa |
|---|---|---|---|
| Ya maikrowevu, nzima | Volti 2,000 hivi, nusu ampia | Kuua kwa mguso mmoja | Hakuna kazi ya nyumbani |
| Ya maikrowevu, sekondari imetolewa | Volti 2, mamia ya ampia | Joto, cheche machoni, na 230 ya kuingilia | Kuchomelea nukta |
| Flaibeki | Volti 20,000 hadi 30,000, miliampia chache | Kuunguza, chaji inayobaki | Cheche ndefu, majaribio |
| Koili ya pikipiki au gari | Volti 20,000 hadi 40,000, kwa mapigo | Kushtua, kuwasha mvuke wa petroli | Skuli, anayeanza |
| Ya neoni au ya tanuri | Volti 5,000 hadi 15,000, miliampia 20 hadi 60 | Kuua, bila mjadala | Mwenye uzoefu tu |
| Ya nguzoni | Volti 11,000 au 33,000 | Kila kitu | Si yako |

Ya maikrowevu: itoe sekondari au iache dukani

Nitakaa hapa zaidi kwa sababu ndiyo inayopatikana kila pahala.

Ukishavua bati la nje, usiikimbilie transfoma. Itafute kwanza kapasita, kifaa kinachohifadhi chaji: ni kopo bapa la alumini lenye ncha mbili juu, limeandikwa volti 2100 na kama mikrofaradi moja. Maikrowevu ikiwa imewashwa karibuni, kopo hilo linaweza kuwa limeshika juli nne hivi, na juli nne zinazotoka kwa mkupuo mmoja zinamtupa mtu mzima nyuma. Ndani yake huwa mna rezista ya megaohmu 10 inayoimwaga chaji kwa muda wa dakika moja. Tatizo ni kwamba rezista ile inaweza kuwa imekufa, na kwa nje huwezi kujua. Desturi nzuri ni kuimwaga kila mara: plagi imetoka ukutani, rezista kubwa imefungwa kwenye ncha ya fimbo ndefu kavu ya plastiki, waya wake mmoja umebanwa kwenye bodi la chuma la maikrowevu, na wa pili unagusishwa ncha moja ya kapasita kisha nyengine. Ukimaliza, ziunganishe ncha zote mbili kwa waya na uziache hivyo. Karibu na hapo pana magnetroni yenye kipande cha kauri cheupe au cha waridi. Usikipasue na usikisage, maana baadhi ya kauri hizo zina oksaidi ya beriliamu, na vumbi lake likivutwa huharibu mapafu moja kwa moja.

Transfoma yenyewe ina kilo nne hadi sita. Ukiigeuza utaziona koili mbili zimekaa bega kwa bega kwenye bati zilizochomelewa pamoja. Moja ni ya waya mnene na ina ncha mbili za plagi bapa. Hiyo ndiyo praimari, inayopokea 230 za ukutani. Ya pili ni ya waya mwembamba, mizunguko mingi sana, imefungwa karatasi. Ncha yake moja inatoka na waya wenye plastiki nene, na nyengine imelehemiwa moja kwa moja kwenye chuma. Itazame vizuri ncha hiyo ya pili, kwa sababu inamaanisha chuma chote cha transfoma, na boliti yoyote utakayoifunga, ni sehemu ya saketi ya volti 2,000. Baina ya koili pana mizunguko michache ya waya wa filamenti, volti tatu na kitu tu, pamoja na vipande viwili vya bati vilivyobanwa ili mkondo usipande bila kikomo.

Namna ya kuitumia kwa faida ni kuiondoa kabisa hiyo koili ya waya mwembamba. Inakatwa kwa msumeno wa chuma pande zote mbili, kisha masalia yanasukumwa nje kwa kipande cha mti na nyundo, kwa subira, bila kuikwaruza vanishi ya praimari. Filamenti inatoka pia. Kwenye nafasi iliyobaki inapitishwa mizunguko miwili ya kebo nene, ya milimita za mraba 50 hadi 70. Kwa transfoma hizi kila mzunguko huleta takriban volti moja, kwa hiyo utapata kama volti mbili na mamia ya ampia. Volti mbili hazimshtui mtu. Bati mbili nyembamba zikibanwa kati ya ncha za shaba zinashikana kwa sehemu ndogo ya sekunde, na huko ndiko kuchomelea nukta.

Kazi ya chombo hicho ipo kwetu, tena ya kutosha. Betri za taa za wavuvi wa dagaa, za baiskeli za umeme na za spika za kubeba zimejengwa kwa seli za lithiamu zilizounganishwa kwa utepe wa nikeli. Seli moja ikifa, betri nzima inatupwa, na kulehemu kwa pasi kunaipasha seli moto kupita kiasi. Kuchomelea nukta kunaiacha seli karibu na ubaridi wake, ilimradi muda uwe mfupi. Hapo usitegemee kidole kwenye swichi. Tia taima, kwani seli ikipewa muda mrefu hutoboka, na lithiamu ikiwaka haizimwi kwa ndoo moja ya maji.

Mapungufu yake pia yapo. Kiini kimebanwa mpaka ukingoni ili kiwanda kiokoe chuma, kwa hiyo transfoma inapata moto hata isipopewa kazi, na ilivyokuwa ndani ya maikrowevu ilikuwa na feni yake. Anayeisuka upya iwe chaja ya betri ya volti 12 ataipata chaja inayonguruma, inayokula umeme wa tukuza (wa kulipia kabla) bure na inayotaka kupulizwa. Kwa chaja tafuta transfoma ya kawaida ya stebilaiza mbovu. Na kama kazi yako ni seli ndogo tu, zipo bodi ndogo za kuchomelea nukta zinazotumia betri ya gari, nyepesi na zisizohitaji umeme wa ukutani kabisa. Mimi ningemshauri fundi wa simu achukue bodi, na fundi bati achukue transfoma.

Angalizo moja la ununuzi: maikrowevu za inveta hazina transfoma hii. Ukiinyanyua ukaona ni nyepesi kuliko ulivyotarajia, ndani utakuta bodi yenye transfoma ndogo ya feraiti. Iache.

Seremala na mbao zenye michoro ya radi

Hili ndilo linaloleta maseremala kwenye maikrowevu. Wameona video za mbao zilizoungua kwa matawi ya radi, wameona bei wanayolipa watalii kwa trei na meza za aina hiyo, na mtu anakuja na ubao wake: "Fundi, nifungie hii nami nichore." Jibu ni hapana, na linastahili maelezo.

Michoro hiyo inaitwa kwa jina la mwanafizikia wa Ujerumani, Georg Christoph Lichtenberg, aliyeieleza mwaka 1777. Yeye aliiona kwenye vumbi juu ya sahani iliyochajiwa. Ya siku hizi inafanywa kwa transfoma ya maikrowevu nzima, na huko Marekani peke yake imeshaua watu zaidi ya 30. Chama cha wakereza mbao cha nchi hiyo, American Association of Woodturners, kimeipiga marufuku kwenye shughuli zake zote na hakikubali kuifundisha. Waliokufa wengine walikuwa mafundi umeme waliozijua kanuni zote. Sababu ni mazingira yenyewe ya kazi: ubao umeloweshwa kwa maji yaliyotiwa chumvi au magadi, nyaya mbili ziko mezani, mtu anazisogeza kwa mikono yote miwili, na kila kitu kiko kimya. Glavu na ndara za mpira hazikutengenezwa kwa volti 2,000, achilia mbali zikiwa na unyevu wa masika. Sitaeleza namna ya kuifanya "kwa usalama", kwa sababu namna hiyo ya nyumbani haipo.

Kama shida ni biashara, ubao uliounguzwa kwa tochi ya gesi kisha ukapigwa brashi ya waya unatoa mistari mizuri ya mti, na kalamu ya moto inachora chochote. Na mtalii aliyekuja Unguja kuangalia milango ya nakshi, mbao za radi ameshaziona kwao. Nakshi ya patasi hajaiona.

Flaibeki

Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati Bara hawakuwa na kituo hata kimoja mpaka 1994. Kwa hiyo majumba ya kwetu yana historia ndefu ya vioo vinene, na mpaka leo ukiuliza kwa mafundi redio wa zamani utaambiwa ipo moja stoo.

Flaibeki ndiyo inayotoa cheche nzuri kuliko zote kwa gharama ndogo. Inaendeshwa kwa volti 12 au 24 na transista moja au mbili, haiguswi na umeme wa ukutani, na ukitaka kumwonyesha mtu namna hewa inavyopasuka ikawa njia ya umeme, hakuna chombo kizuri zaidi. Ndani ya televisheni za PAL ilikuwa ikifanya kazi kwa hezi 15,625, sauti nyembamba ambayo watoto wanaisikia na wazee hawaisikii.

Hatari ya kwanza iko kabla hujaitoa. Kile kikombe cha mpira kilichonata ubavuni mwa kioo kina chaji inayokaa muda mrefu baada ya televisheni kuzimwa, maana kioo chenyewe ni kapasita. Kinamwagwa kwa bisibisi yenye mpini mrefu wa plastiki, iliyofungwa waya kwenye ule msuko wa waya tupu unaozunguka nyuma ya kioo, inayopenyezwa taratibu chini ya mpira. Rudia baada ya dakika chache, kwani chaji nyengine hujitokeza tena. Shingo ya kioo usiigonge. Ombwe la ndani huvuta vipande ndani kisha huvirusha.

Baada ya hapo flaibeki ni mpole kadiri unavyoiendesha kwa nguvu ndogo. Ukiifungia saketi ya kuiendesha yenye nguvu ili cheche iwe nene, hesabu ya miliampia mbili haipo tena, na ile starehe ya kusema "hii haiui" nayo ikome hapo. Cheche zake za masafa ya juu hazishtui sana, ila zinaunguza tundu dogo linaloingia ndani, nalo halikauki upesi. Nyingi zina daiodi ndani na hutoa umeme wa mkondo mmoja, kwa hiyo ukiongeza kapasita umetengeneza kitu chengine kabisa. Na usiiunganishe na vali za zamani wala balbu zenye ombwe, kwa sababu kwa volti 20,000 na zaidi ombwe linaweza kutoa miale ya eksirei.

Koili ya pikipiki

Kwa mwalimu wa skuli, hii ndiyo. Inapatikana kila gereji, hata iliyochoka kwa pikipiki bado inatoa cheche ya kutosha, na chakula chake ni betri ya volti 12. Kila umeme wa praimari unapokatwa, sekondari inaruka. Kwa relei ya kawaida inayojikata yenyewe, au saketi ndogo ya taima, unapata mapigo mfululizo. Wanafunzi wanaona kwa macho yao kwa nini plagi ya pikipiki inawasha petroli, na somo la mkondo unaotokana na sumaku linaingia.

Ikikupiga utaruka, utatukana, na pengine utagonga kiwiko. Wenye betri ya moyo wakae mbali, petroli na tina ya rangi zikae mbali zaidi, na simu usiiweke mezani karibu yake.

Watu wa mashamba huuliza kuhusu uzio wa kuzuia kima na mbuzi. Wazo lenyewe ni sahihi, na mashine za uzio wa umeme zimejengwa kwa kanuni hii hii. Viwango vya kimataifa vinaitaka mashine ya uzio isipige zaidi ya mara moja kwa sekunde na isivuke juli 5 kwa pigo, ili aliyeshika awe na nafasi ya kuachia. Koili yenye taima ya namna hiyo inaweza kufikiriwa, ingawa mimi ningenunua iliyo tayari. Kufunga waya wa uzio kwenye umeme wa nyumba, au kwenye transfoma ya maikrowevu, ni kumtegea mtoto wa jirani.

Ya neoni na ya tanuri

Za neoni kwetu ni nadra, kwani mabango sasa ni ya LED. Zikija huja ndani ya kontena bila mtu kuzijua. Ni boksi zito lenye lami ndani na vichwa viwili vya kauri, limeandikwa kwa mfano 10 kV 30 mA. Zinapendwa na wanaojenga koili ya Tesla, ile mashine ya kurusha cheche ndefu hewani, kwa sababu zimebanwa zisitoe zaidi ya mkondo ulioandikwa. Lakini soma tena huo mkondo: 30 ni kile kile kiwango cha kuvuruga moyo, na zipo za 60. Mafunzo ya kwanza yasianzie hapo.

Ya tanuri, ile ya kuwashia moto kwa cheche, inatoka kwenye majiko ya dizeli ya kuokea mkate na boila za hoteli. Kibandiko chake huandika 2 x 5 kV na mara nyingi ED 33% kwa dakika 3, maana yake iwashwe dakika moja kati ya tatu, la sivyo inaungua. Ukiipata kwa bei ndogo, ukawa tayari una uzoefu wa flaibeki, inapanda vizuri kwenye ngazi ya cheche, zile fito mbili zilizoachana kwa juu, ikiwa ndani ya boksi la plastiki ngumu. Ikiwa wazi mezani, hapana.

Ya nguzoni

Naitaja kwa sababu huja mtu akauliza. Ya nguzoni ni mali ya Shirika la Umeme, ZECO, na hata iliyotupwa ina mafuta ambayo kwa transfoma kongwe yanaweza kuwa na PCB, kemikali ambayo Mkataba wa Stockholm wa 2001 ulizitaka nchi ziache kuitumia kwenye vifaa ifikapo 2025. Haitakiwi mkononi, haitakiwi ardhini, na kwenye sufuria ya kukaangia ndiyo kabisa.

Ila kuna njia moja ambayo nyumba nyingi za Unguja zinaicheza transfoma hiyo bila kujua. Umeme ulipokatika kwa wiki kadhaa Mei na Juni 2008, kisha ukakosekana kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010 kwa hitilafu ya kebo ya baharini, jenereta zilinunuliwa kwa wingi, na nyengine zikafungwa kwa waya wenye plagi dume pande zote mbili, unachomekwa tundu lolote la ukutani. Transfoma haijui upande upi ni wa kuingilia. Jenereta ikisukuma umeme kurudi barabarani, transfoma ya mtaa inaupandisha: yenye uwiano wa 11,000 kwa 400 inazidisha mara 27 na nusu, na fundi wa shirika aliyepanda nguzo akiamini laini imekufa anakutana nao. Hata kama mna desturi ya kuzima meni swichi kwanza, kwa kukumbuka tu, siku moja mtu atasahau. Weka swichi ya kubadilishia, ile yenye nafasi tatu, kabla hujafikiria mradi wowote mwengine uliomo humu.

Ningekuchagulia hivi

Mwanafunzi au mwalimu: koili ya pikipiki. Fundi anayetaka chombo cha kumwingizia pesa: ya maikrowevu iliyotolewa sekondari. Mpenzi wa cheche aliyekwisha kuzizoea koili: flaibeki kwa nguvu ndogo. Ya tanuri baadaye, ya neoni baadaye zaidi, na ya maikrowevu nzima, kamwe, hata kwa dakika moja ya "kujaribu kama inafanya kazi".

Kwa zote: sakafu kavu, mkono mmoja mfukoni, watoto nje, na mtu wa pili karibu na swichi anayejua kuizima kabla ya kukugusa. Sakafu zetu za saruji hunyonya unyevu msimu wa mvua na hewa ya chumvi huacha utando unaopitisha umeme juu ya plastiki, kwa hiyo futa vifaa kwa kitambaa kikavu kila unapovitoa. Aliyepigwa na umeme mkubwa apelekwe hospitali hata akisema yuko sawa. Moyo unaweza kubadilika mwendo baadaye, na kuungua kwa ndani hakuonekani kwenye ngozi.

Unapoinunua

Nenda na mita. Kwa ya maikrowevu iliyokwisha kutolewa kwenye boksi lake, praimari nzima husoma ohmu chache tu, na baina ya praimari na chuma isisome chochote. Ikisoma, vanishi imekufa na chuma kitakuwa na 230, mrudishie mwenyewe. Sekondari kama inasoma au haisomi si shida yako, utaikata. Angalia kutu kati ya bati, hasa zilizotoka hoteli za ufukweni, na harufu ya kuungua kwenye karatasi.

Masalia ya sekondari usiyatupe, maana waya ule una bei kwa wanunuzi wa chakavu. Ila kabla hujakubaliana kilo kwa kilo, chukua kisu ukwaruze kidogo: transfoma nyingi za miaka ya karibuni zimesukwa kwa alumini iliyopakwa vanishi ya rangi ya shaba, na mnunuzi atakwaruza hata kama wewe hukukwaruza.